Dipu ya jibini ya wageni bila kuwasha jiko, na kwa nini ya kwako iligeuka uji

Swali limekuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Dada shikamoo. Jumamosi ya wiki ijayo jioni nina wageni kama kumi na wawili, wakwe wakiwemo, nakaa Tabata. Pilau kuna mama atanipikia, mimi nataka tu dipu ya chizi ya kuweka mezani watu wachovye na kutafuna wakati wanasubiri, na sitaki kugusa jiko siku hiyo. Nilishajaribu mara moja, nikakwangua cheda nikachanganya na mayonezi, mtindi, nyanya na kitunguu, nusu saa haijaisha maji yakapanda juu ikawa kama uji uliokatika. Krimu chizi ya supamaketi bei imenishinda. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Pole na uji. Mkono wako hauna shida na cheda haina shida, ulichofanya ni kumimina maji mengi kwenye kitu ambacho hakitapikwa na hakina chochote cha kuyashika hayo maji. Ukipika mchuzi ukawa mwepesi unauacha uchemke unakauka, au unaweka unga kidogo, sasa hapa jiko halipo, kila tone unaloingiza ndo limeingia hilo, halitoki. Hebu hesabu na mimi: nyanya karibu yote ni maji, kitunguu kibichi kikikutana na chumvi ya cheda kinaanza kulia chenyewe humo ndani, mtindi wa pakiti zaidi ya asilimia 80 ni maji, mayonezi nayo ikizidiwa maji inalegea. Na cheda bila moto haiyeyuki, inabaki vinyuzi vyake vile vile vinaogelea. Hakuna kilichomshika mwenzie.

Kwa hiyo tunaanzia kwenye kutoa maji, chizi tutaifikia.

Nunua mtindi lita 2 Alhamisi jioni. Soma pakiti kabla hujalipa, tafadhali, maana hapa ndo watu wengi wanaharibu. Unataka mtindi wa maziwa usio na sukari wala vanila. Zile yogati za vikopo zina sukari, na nyingi zina wanga au jelatini ya kuzifanya ziwe nzito, hizo hata ukizining'iniza siku tatu maji hayatoki vizuri kwa sababu yameshafungwa. Unataka ule mtindi unaoachana wenyewe, ukiinamisha pakiti unaona kimaji cha kijani kijani kimetangulia. Ndugu zetu Wakenya mala yenu inafaa pia, ni nyepesi zaidi kwa hiyo mtapata kidogo, ongezeni pakiti moja.

Sasa kitambaa. Chukua kile cha kuchujia tui kama unacho, au kipande cha bafta nyeupe, kifue bila sabuni ya harufu na ukimwagie maji ya moto ya birika. Kanga mpya usithubutu, inachuja rangi, mimi nimeshaona mtindi wa pinki kwa macho yangu. Kuna mama mmoja Tanga alikuwa anatumia kifumbu cha nazi na kinafanya kazi kweli, ila harufu ya nazi ya juzi inaingia kwenye mtindi na dipu yako inaanza kufanana na wali. Tandika kitambaa kwenye chujio, chujio juu ya sufuria yenye kina ili mtindi usikae kwenye maji yake, changanya mtindi na chumvi kijiko kimoja cha chai kwa lita 2 zote, chumvi inasaidia kuvuta maji, mimina, kunja kitambaa juu, weka sahani ndogo ya kukandamiza kidogo, sukuma friji. Usikamue kwa mikono mwanzoni. Ukikamua mapema mtindi wenyewe unapenya kwenye nyuzi za kitambaa unaishia kufua chakula.

Masaa 12 inatosha kwa dipu, 18 ukitaka nzito ya kupaka kwenye mkate. Ijumaa asubuhi fungua kitambaa. Utakuta kitu cheupe kimekaa kama siagi laini, pitisha nyuma ya kijiko juu yake, ule mfereji ukibaki wazi bila kujifunga na bila maji kujikusanya chini yake, imeiva. Kwa lita 2 utapata kama gramu 700 hivi, siku nyingine zaidi kidogo kutegemea mtindi. Mimi napiga gramu 50 za dipu kwa mtu mmoja pale ambapo chakula kikubwa kinakuja nyuma, kumi na wawili ni 600, na ukiongeza vingine ndani unabaki na akiba ya wale wanaokuja bila kusema. Yale maji ya sufuriani usimwage, kandia unga wa chapati badala ya maji ya kawaida, utanishukuru.

Hiki ulichotengeneza Waarabu wanaita labne, wenye ndugu Muscat au Dubai wanaijua, wanakula asubuhi na mafuta ya zeituni na zaatari, ule mchanganyiko wao wa majani makavu na ufuta. Na ni jibini kabisa, jibini changa isiyohitaji jiko. Kwa dipu inachukua nafasi ya krimu chizi bila matatizo, ina uchachu zaidi na mafuta machache, tena kwangu mimi inapendeza zaidi kwa sababu krimu chizi kwenye joto la Dar inaganda mdomoni kama umelamba mshumaa. Nimekaa jiko la baridi hotelini, lile la saladi na vitu visivyopikwa, miaka kumi na moja kabla sijaanza kupikia watu shughuli zao, na huko krimu chizi tulikuwa tunatumia kwa sababu tu ipo kwenye oda, siyo kwa sababu ni tamu.

Umeme ukikatika usiku usipaniki. Friji iliyofungwa inashika ubaridi kama masaa manne, shida ni kule kufungua fungua kuangalia kama bado kuna ubaridi. Weka chupa mbili za maji zilizoganda ndani toka mapema, basi.

Haya, chizi yenyewe. (Hili neno nalo, mume wangu kila nikisema naenda kununua chizi anauliza wa mtaa gani.) Una njia mbili, na hakuna inayohitaji ile uliyoshindwa bei. Ya kwanza ni feta, ile jibini nyeupe ya chumvi chumvi inayovunjika vunjika, gramu 150 mpaka 200. Feta ya kweli kwa sheria za Ulaya tangu 2002 inatoka Ugiriki tu, ya maziwa ya kondoo na mbuzi, hii ya kwenye mafriji yetu mara nyingi ni ya ng'ombe, haina ule ukali lakini kwenye dipu haina neno. Isuuze ile chumvi yake, ikaushe kwa tishu, iponde kwa uma kwenye sahani mpaka iwe kama ugali uliovurugika, ndo uingize kwenye labne. Ukiitupa nzima nzima utabaki na mabonge.

Ya pili ni zile pembetatu za kwenye karatasi ya fedha, boksi moja la duara lenye nane. Najua wapishi wenzangu watanicheka, wacheke. Mfaransa Léon Bel alianza kuuza jibini ya namna hii 1921 na ujanja wake uko hivi, ni jibini iliyoyeyushwa kiwandani pamoja na aina ya chumvi zinazofanya mafuta na maji vishikane visiachane, kwa hiyo kwenye bakuli yako zinafanya kazi ya gundi. Labne inaweza kuanza kutoa jasho baada ya lisaa mezani, yenye pembetatu ndani inakawia sana. Kwa mtu aliyeumizwa na maji kama wewe ningeanza na hizi. Zitoe friji nusu saa kabla, zipige peke yake kwanza na kijiko cha mbao mpaka zilainike zote, ndo uongeze labne kijiko kwa kijiko. Ukigeuza, ukatupia chizi baridi kwenye labne yote kwa pamoja, yale madonge hayatoki hata ukeshe. Blenda siishauri, inazungusha mno na labne inalegea tena, mwiko unatosha.

Mkiwa Goma au mna mtu anayepita huko, ile jibini ya Masisi, ile ya duara isiyo kali, ikwangue laini gramu 150 iingie humo, tamu sana. Za Njombe na Iringa pia nazikwangua hivyo hivyo.

Sasa ladha. Kitunguu saumu punje mbili tu, siyo sita, maana kibichi hakisamehi na kinaendelea kupanda kadiri kinavyokaa. Kisage na chumvi humo humo ndani ya maji ya ndimu moja, kisha kiache dakika kumi kabla hakijaingia kwenye dipu. Uchachu wa ndimu unazuia ule ukali usizaliwe wote, ndo maana saumu ya kwenye ndimu inanukia tu na ile uliyoponda ukaingiza kavu inachoma mpaka kesho yake ofisini. Kitunguu maji kama unakitaka kifanyie kama cha kachumbari: katakata, nyunyiza chumvi, fikicha, suuza, kamua kwenye ngumi mpaka kisilie tena. Tango vivyo hivyo, na mbegu zake utoe. Nyanya achana nayo kabisa, kama moyo unakataa basi nyama yake tu bila maji wala mbegu, na iwe juu kama pambo dakika ya mwisho. Kotmiri, wengine mnaita giligilani, ikaushe vizuri baada ya kuosha na uikate saa ile ile unayopeleka mezani. Chumvi onja kwanza, mtindi umeshawekewa na chizi inayo yake.

Na usiweke nanasi bichi. Najua hujauliza ila kuna mtu anasoma hapa ana nanasi jikoni. Mimi niliwahi kupewa kazi ya sendofu, mama mwenye shughuli akataka dipu yenye nanasi aliyoiona mahali, nikakata nanasi zuri la Bagamoyo dogo dogo, nikachanganya saa nne asubuhi, nikaonja, tamu balaa, nikafunika. Saa kumi jioni nafungua ili nipange kwenye bakuli, kitu kimelegea kimekuwa kama maziwa ya mtoto aliyecheua, naonja, chungu! Chungu kama umetafuna panadoli. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokatakata protini, ndo kile kile kinacholainisha nyama na kinachokuchoma ulimi ukila mengi, na protini ya maziwa haina ubavu nacho. Papai nalo lina cha kwake. La kopo halina shida kwa sababu limeshapitia moto. Siku ile niliokolewa na mtindi wa jirani na matango mawili, na sendofu ilikula dipu ya tango bila kujua kilichotokea.

Turudi kwenye cheda yako maana nahisi bado unayo. Unajua ulikuwa umekaribia kitu kizuri bila kujua? Watu wa majimbo ya kusini ya Marekani, Georgia, Carolina huko, wana dipu yao inaitwa pimento chizi, ni cheda iliyokwanguliwa, mayonezi na hoho tamu nyekundu za kopo, basi, haipikwi. Inashikana kwa sababu haina mtindi na haina nyanya. Kwa hiyo fanya bakuli ya pili ndogo ya watoto: cheda gramu 200 uikwangue mwenyewe kwenye matundu madogo, usinunue iliyokwanguliwa ya pakiti ile inapakwa unga unga ili isigandane na huo unga unausikia mdomoni, mayonezi ya dukani vijiko vitatu vya chakula, hoho nyekundu iliyokatwa dogo dogo ikakamuliwa na tishu, pilipili manga. Ponda na uma ukiacha vipande vionekane. Ikae friji masaa mawili. Mayonezi ya kutengeneza nyumbani na yai bichi usiweke kwenye shughuli ya watu, hasa na joto letu.

Na joto ndo jambo linalofuata, hapa nitakuwa mkali kidogo. Hii dipu hakuna hatua hata moja inayoua vijidudu, hakuna moto. Kwa hiyo maziwa yawe yamechemshwa au ya kiwandani toka mwanzo, ule mtindi wa kibuyu wa maziwa mabichi ni mtamu nakubali, ila siyo kwa wageni, maziwa mabichi yanabeba bruselosi, ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo, na mengine, na kama kati ya wageni kuna mjamzito ndo usijaribu kabisa. Mezani, vyakula vya namna hii vinahesabiwa masaa mawili nje ya friji, na joto likizidi nyuzi 32 ni lisaa limoja, sasa wewe unajua sebule ya Tabata mchana wakati feni imekata. Usiweke bakuli kubwa moja. Gawa kwenye bakuli mbili tatu ndogo, moja mezani juu ya sahani ya barafu iliyopondwa, nyingine friji, inayoisha ndo inapokelewa. Usimwage mpya juu ya iliyobaki. Na iliyokaa mezani watu wakachovya usiirudishe kwenye ya friji, watu wanachovya, wanang'ata, wanachovya tena, hata wakwe.

Kama wakweo ni Waislamu au una wageni Waislamu, jibini nyingi ngumu zinagandishwa na kimeng'enya ambacho kinaweza kutoka tumboni mwa ndama, angalia alama ya halali kwenye pakiti au iwe imeandikwa kimetoka kwenye mimea au vijidudu. Jelatini kwenye yogati ni swali lile lile. Labne ya mtindi wa kawaida inagandishwa na bakteria wa mtindi tu, ndo maana mimi kwenye shughuli mchanganyiko naegemea huko nalala usingizi. Kuna na wale maziwa yanayowafura tumbo, labne inawasumbua kidogo kuliko maziwa kwa sababu sukari ya maziwa nyingi imetoka na yale maji na nyingine imeliwa na bakteria, ila haijaisha, waambie ilivyo waamue wenyewe.

Kupanga mezani: tandaza kwenye sahani bapa badala ya kujaza bakuli, chora mizunguko na mgongo wa kijiko, halafu katikati dondosha vijiko viwili vya achari ya embe na mafuta yake. Hapo ndo wazee wanaelewa. Ukimpelekea baba mkwe sahani nyeupe ukamwambia dipu atakuangalia tu, mwambie ni chatne ya maziwa, akiona na achari juu mkono unaenda wenyewe. Pilipili iwe pembeni kwenye kibakuli chake, usichanganye, huwezi jua nani ana vidonda vya tumbo. Korosho zilizopondwa juu ukipenda.

Vya kuchovya usitese kichwa, krispi za muhogo zile nyembamba za pilipili na ndimu, chipsi za ndizi, karoti na matango marefu marefu yaliyokaa kwenye maji ya barafu kisha yakafutwa yakauke. Narudia, yafutwe, karoti yenye maji inaacha kidimbwi kwenye dipu. Chapati ya jana ikatwe pembetatu ni nzuri kuliko biskuti za chumvi za bei mbaya. Mkate wa boflo laini unavunjikia ndani, kwa hiyo labda ukae pembeni na kisu cha kupakia.

Ratiba yako basi: Alhamisi usiku mtindi unaingia kitambaani. Ijumaa jioni unachanganya na chizi na saumu, inalala ipate ladha. Jumamosi asubuhi unaonja chumvi na ndimu tena kwa sababu kitu baridi kinaficha ladha, ya friji itaonekana pooza kuliko ilivyo, toa kijiko kimoja kikae nje dakika kumi ndo uonje hicho. Majani na achari wageni wakiwa getini.

Umeuliza pia mwisho wa meseji yako kama ile bakuli ya mwanzo, yenye nyanya na mayonezi, ambayo umesema bado ipo friji toka wiki iliyopita, inaweza kuokolewa kwa kuchujwa na kitambaa. Hapana mdogo wangu, hiyo mwaga, leo.